Umri wa Goti la Chiriku

Tarehe 6 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute umekaa chini, maana najua kazi ya kufua mashuka ya hoteli inavyomaliza miguu. Sisi huku wazima. Paa la jikoni limezibwa. Kuku wangu mweupe amepotea. Jirani muuza mkaa anasema hajamwona, lakini juzi nimeona manyoya meupe mlangoni kwake, na yeye anafuga kuku weusi watupu. Nimemsalimia vizuri tu, sikumuuliza. Namtazama. Kazi ipo: nimemaliza kuwamba vitanda sita vya nyumba ya wageni, na kamba zimekaza hadi ukidondosha ndimu juu yake inaruka.

Sasa la maana. Goti la mwanao Chiriku limetoka tena, mara ya tano. Hakuruka wala hakukimbia. Aligeuka tu kuchukua sahani, pia ya goti ikahamia ubavuni kama mgeni aliyekosea mlango, akaenda chini yeye na sahani. Nikamnyoosha mguu taratibu kama nilivyofundishwa, ikarudi. Hakulia. Afadhali angelia. Mtoto aliyezoea maumivu ananitisha kuliko anayepiga kelele.

Tulikwenda hospitali kubwa. Daktari wa mifupa ni mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito. Mimi namwita Daktari Miwani, yeye ananiita bibi, tumeelewana. Anasema mazoezi na ule mkanda wa goti tumevijaribu mwaka mzima, vimeshindwa, sasa ni kupasua. Kazi ni mbili. Ya kwanza, ile kano ya upande wa ndani inayoizuia pia isikimbilie nje imechanika na kulegea. Atachukua kano nyingine nyuma ya goti, ambayo anadai mtu anaweza kuishi bila hiyo, aitumie kuishika pia mahali pake. Hilo nililielewa kabla hajamaliza kusema. Ni kuwamba. Kazi ya pili ndiyo sikuipenda: kukata kipande cha mfupa chini ya goti, pale kano kubwa inaposhikilia, kukisogeza upande wa ndani na kukipiga skrubu.

Nikamuuliza, mtoto wa miaka kumi na tatu unamhamisha mfupa, ukirefuka utakwenda wapi? Akaacha kuandika. Akaniuliza nimesema miaka mingapi, nikarudia. Akageuza karatasi yake, akasema hapa ameandikwa anakaribia kumi na sita. Karani wa mapokezi akaitwa, akaja na ile kadi ya kliniki uliyoniachia kwenye bahasha, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza kitoto kichanga kwamba wazee huchanganya miaka. Mimi sijasoma, lakini sijachanganya. Nahisi yeye ndiye kachanganya makaratasi ya watu, maana meza yake ilivyo, hata chai yake mwenyewe anaitafuta.

Walitaka kidole gumba changu kwenye fomu ya ridhaa. Nimekikunja. Niandikie unijulishe: Chiriku alizaliwa mwaka gani, mwezi gani? Usinipigie simu. Kwenye simu unaitika tu, halafu mtandao unakatika palepale ninapouliza.

Anayeandika haya ni yeye mwenyewe, mguu kauweka juu ya kigoda. Anasema yeye anajijua ni wa kumi na tano, shule nzima inajua, na kwamba bibi yake anahesabu kwa vidole na vidole ni kumi tu. Nimemwambia aandike hivyohivyo, huyu mke mwenzangu, ili ujue ninaishi na nani.

Mama yako


Tarehe 1 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata baada ya wiki mbili, ilikaa kwa mlinzi wa lango. Mimi sijambo. Nimetolewa kwenye kufua, sasa napiga pasi. Joto lake lina adabu kidogo kuliko mvuke. Mpe pole Chiriku, mwambie nimemnunulia soksi ndefu zitakazomfaa akitoka hospitali.

Kuhusu umri, kadi iko sahihi. Usikasirike, mama, lakini miaka imepita mingi na hukuandika popote. Mtu akihesabu kwa kukumbuka tu, mwaka mmoja au miwili huponyoka. Hata mimi niliyesoma huchanganya.

Tafadhali weka kidole. Daktari anaijua kazi yake, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Ukiuliza sana watampa mwingine nafasi. Halafu ile kadi usikubali wabaki nayo. Wakishaiandika, irudishe kwenye bahasha, na bahasha uiweke mahali pake.

Nakupenda, mama. Miguu yangu inakusalimu.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Utashangaa mwandiko. Huyu ni fundi saa wa kona, mzee mwenzangu. Amezoea vitu vidogo ndiyo maana herufi zake ni kama mchanga. Nimemchagua kwa sababu hana umbea. Ubaya wake ni masikio mazito, kwa hiyo haya yote nampigia kelele ndani ya duka lililofungwa, na kama mtaa umesikia, umesikia.

Sisi wazima. Kuku mweupe amejitokeza mwenyewe. Kumbe alikuwa analalia mayai nyuma ya matendegu ya vitanda niliyoyaegemeza ukutani, katoka na vifaranga saba. Yale manyoya yalikuwa ya mto wa muuza mkaa uliopasuka. Nilimshuku bure wiki tatu nzima, nimekwenda kumwomba radhi na vifaranga wawili. Nakwambia hili ujue kwamba baada ya hapo nimejipa muda wa kutosha kabla ya kukushuku wewe.

Barua yako aliisoma Chiriku. Pale pa kadi na bahasha nilimwambia arudie. Nikajiuliza: mtu ananiambia karatasi ni sahihi, hapohapo ananiambia niifiche?

Umesema sikuandika popote. Unakumbuka tangu ulipokuwa mdogo, kila mtoto wa nyumba hii, kila akitimiza mwaka, namlaza chini, namnyooshea kamba kuanzia utosini hadi kisiginoni, nakata? Wewe ulikuwa unakimbia, nakukamata kwa sketi. Wewe zako ziliungua na ile nyumba ya kwanza. Za Chiriku nimezifunga kifurushi chini ya kitanda. Nimekitoa nikahesabu. Ni kumi na tatu. Vidole ni kumi, kweli, lakini na miguu ninayo.

Nikabeba kifurushi hospitali. Daktari Miwani alikuwa ameshampiga goti picha mpya, maana ile ya zamani ilikuwa na ukungu. Amenionyesha penye mwanga: karibu na ncha ya mfupa kuna mstari mweusi, hapo ndipo mfupa unapoendelea kukua. Kwa msichana wa karibu kumi na sita mstari huo huwa umefungika au uko njiani kufungika. Wa Chiriku uko wazi kama mlango wa duka. Alimpiga picha na mkono, nao ukasema hivyohivyo. Anasema angekikata kile kipande cha chini kwa kuamini kadi, upande wa mbele wa mfupa ungeacha kukua na wa nyuma uendelee, na mguu ungepinda kurudi nyuma.

Zile kamba akazipanga sakafuni, kutoka fupi hadi ndefu, yeye mwenyewe kapiga magoti na koti lake jeupe. Ya mwisho inaipita ya kabla yake kwa vidole vinne. Kisha akasema: "Bibi, kamba zako na picha zangu zinasema kitu kimoja. Kadi inasema kingine. Mimi simpasui mtoto nisiyejua ni nani."

Akaniuliza kama kweli ni mjukuu wangu. Akaniuliza mama yake yuko wapi na kwa nini haji. Karani alisimama mlangoni akinitazama kama nimeiba mtoto sokoni. Miaka yote hii sijawahi kutazamwa hivyo.

Nimeileta kadi kwa fundi saa aisome. Anasema imeandikwa mwezi wa sita. Chiriku ni wa mwezi wa kumi na moja, nilimpokea kwa mikono yangu. Upande wa nyuma kuna ule mchoro wa kupima uzito. Mimi sisomi, lakini nukta naziona. Zinapanda, zinapanda, kisha mbili zinashuka, kisha hakuna kitu. Karatasi iliyobaki ni nyeupe. Chiriku hajawahi kuishiwa nukta.

Nilidhani umempa jina la shule la dada yake aliyetutoka kwa kumkumbuka. Nikanyamaza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekataza asitajwe.

Swali langu ni moja. Kadi hii ni ya nani? Jibu nalijua. Nataka nilione kwa mwandiko wako.

Mama yako


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Habari za huko sikuulizi, maana hujibu. Soksi zimefika. Barua yako kwa Chiriku kuhusu soksi imefika pia, kurasa mbili za soksi. Yangu bado.

Vifaranga wamekuwa mitetea. Fundi saa, anayeniandikia na hii, amenunua kifaa cha masikio, sasa anasikia hata nisiyoyasema.

Jumanne goti limetoka mara ya sita, kwenye ngazi za shule, mbele ya watu. Safari hii halikurudi hata kwa kunyoosha mguu. Walimbeba kwenye meza ya mwalimu hadi kwenye gari. Daktari Miwani anasema kila mara pia ya goti inapotoka na kurudi inajikwaruza, na sasa kipande kidogo cha gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, kimemeguka ndani. Kikizunguka humo kitamharibia goti zima kabla hajawa mwanamke. Anataka kupasua upesi, lakini wakubwa wake hawamruhusu kumlaza mtoto ambaye karatasi na mwili wake vinabishana. Wanataka maelezo ya mama, yenye sahihi.

Kwa hiyo kinachosubiriwa si daktari wala foleni. Ni wewe.

Chiriku ameanza kuniuliza kama ana ugonjwa ambao tunamficha, kwa sababu amesikia wauguzi wakisema mifupa yake ni midogo kuliko yeye. Ameacha kuongea akila. Chiriku, ambaye huongea hata akipiga mswaki.

Sitaandika tena mpaka uandike.

Mama yako


Tarehe 20 Juni
Kwa mkono wa fundi saa, amsomee mama akiwa peke yake

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine leo zitanishinda, unisamehe. Mimi mzima. Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimezitupa kwenye pipa la mashuka mabovu.

Kadi ni ya Mkubwa.

Tuliporudi kumzika uliniambia nichome kila kitu chake na nisimtaje tena. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, uliogopa nitaitoa kwa kulia. Nikachoma nguo. Nikachoma mto wake. Kadi niliishona ndani ya bitana la mkoba. Sikuwa na mpango nayo. Nilitaka tu nibaki na kitu kimoja chenye jina lake.

Halafu ikaja kazi hii. Wakala alitaka niondoke mwezi wa kwanza. Baba yake Chiriku alikuwa ameshakwenda zake, wewe unashinda kwenye nyumba za watu unawamba, na mtoto ana miaka mitano. Shule ilikuwa haipokei chini ya saba. Nilikaa mbele ya mwalimu mkuu, na mkobani nilikuwa na kadi mbili. Nimejiambia miaka yote hii kwamba mkono uliteleza. Haukuteleza. Ile ya Mkubwa nilikuwa nimeishonoa nyumbani, asubuhi ileile.

Mwalimu akamtazama, akasema mbona mdogo. Nikasema kwetu wote ni wafupi. Siku hiyo mtoto akapewa miaka ya dada yake, na jina lake, na dawati kati ya wasichana wanaompita kichwa. Wewe nikakuambia wamempokea kwa sababu ya mdomo wake, ukafurahi sana.

Ulipouliza mwezi wa pili, niliogopa watamfukuza shule, na mimi nitaitwa mwongo mbele ya serikali. Nikakuandikia kwamba unachanganya miaka. Nilijua huchanganyi. Nilitegemea kwamba hukusoma. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi halisi ya Chiriku, nilikuwa nayo huku, na maelezo yangu niliyotia sahihi mbele ya wakili. Mpe daktari. Na goti, mama, lilitoka mara ya kwanza akikimbizana na wale wasichana wakubwa. Alikuwa na miaka kumi wakidhani ana kumi na miwili. Usinifiche. Ni mimi niliyelitoa?

Mwanao


Tarehe 23 Novemba

Mwanangu,

Salamu zimechelewa, nilitaka nikuandikie yakiwa yameisha, na hizi ni ndefu, kaa vizuri. Anayeandika ni Chiriku tena. Hakuna tena cha kumfanya fundi saa afunge duka, ingawa analalamika kwamba sasa hana habari za kusisimua. Muuza mkaa anakusalimu. Wale vifaranga niliompa wanataga, wangu hawatagi, na sisemi kitu.

Barua yako alinisomea fundi saa, akasita mahali, nikamwambia aendelee. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikachukua bahasha, nikaenda kwa Daktari Miwani. Alisoma, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Hakukutukana. Aliandika tarehe mpya ya kuzaliwa kwenye faili na kuifuta ile kazi ya pili. Mfupa utaachwa mahali pake mpaka Chiriku amalize kurefuka. Huenda ukahitaji kuguswa, huenda usihitaji. Kipande kilichomeguka atakitoa. Kano ataiwamba sasa, na pale anapoishikiza kwenye paja atapita chini ya ule mstari, asiuguse.

Nikamwambia nina swali la mwisho. Utaikaza kiasi gani? Maana mimi nimeona mifumbati imara ya vitanda ikipasuka kwa sababu mtu alivuta kamba kwa sifa. Akaniambia wengi humuuliza urefu wa kovu, hilo hawaulizi. Kisha akanijibu: "Ikilegea itatoka tena. Nikiikaza mno itasaga gegedu na goti halitakunja. Nitaiacha kiasi cha kuizuia isikimbie, si kiasi cha kuivuta."

Hapo nikakikunjua kidole, nikakiweka kwenye wino.

Swali lako la goti nilimuuliza. Mfupa wa paja una mfereji ambamo pia ya goti hupanda na kushuka, na wa Chiriku ulizaliwa hauna kina. Goti lingetoka hata angekimbizana na vifaranga. Kwa hiyo hilo lishushe. Ulilonikosea ni lingine, la kunifanya nijione nimezeeka akili mbele ya karani, na hilo bado liko kwangu. Nitakusamehe ukija, si kwa barua.

Chiriku tulimwambia kabla ya upasuaji, mimi na Daktari. Kesho yake wakati wa chai akasema: "Bibi, kumbe sikuwa wa mwisho darasani. Nilikuwa nimewahi tu." Halafu akaniuliza dada yake alikuwa anapenda nini. Miaka kumi na minne hakuna aliyeniuliza. Nikaanza na kikombe alichokuwa hakubali kukiachia, na tulipokumbuka kupika, jua lilikuwa limeshapinda.

Alipasuliwa mwezi wa nane. Alipoamka alinitukana kidogo kwa sababu ya dawa ya usingizi, nikajua amepona. Wiki sita za magongo na ule mkanda mgumu, kisha mazoezi ya viungo, analia na kuhesabu, analia na kuhesabu. Sasa hivi, ninavyoongea, amejigeuza ghafla kwenye kiti kuchukua karatasi nyingine. Pia ya goti imebaki mahali pake. Hata hakutambua. Mimi nimetambua.

Shule wamekubali arudie mwaka, na jina lake. Mkuu mpya alianza kubisha, nikamwalika aje ahesabu kamba.

Juzi ametimiza kumi na nne. Nimemlaza chini, mguu wake umenyooka wote, nimekata kamba ya kumi na nne. Amenipita mimi kwa kidole kimoja, na ametangaza mtaa mzima.

Sasa langu, na Chiriku nimemkataza kulipamba. Nilikukataza kulia. Nilidhani naishika mimba isitoke, na mimba haikutoka, nikajisifu. Sikukuuliza wewe ulikwenda wapi na kilio chako. Kumbe ulikishona ndani ya mkoba. Nilikukaza mno, mwanangu.

Ndani ya bahasha hii utakuta vipande viwili vya kamba. Si vya Chiriku. Ni vya Mkubwa, alipotimiza mwaka na alipotimiza miwili. Nilikuamuru uchome kila kitu huku mimi nimevificha chini ya kitanda changu. Tulikuwa waongo wawili wa mtoto mmoja.

Kile kirefu kinyooshe kitandani kwako, uone alipokuwa amefika. Halafu lia. Nimekaa huku, sikuzuii.

Hiyo alama hapo chini ni kidole changu.

Mama yako